Kioo cha bafuni kimepasuka chenyewe usiku, hakukuwa na mtu ndani. Mafundi, nini hiki? Na nikirudishia, nipange vipi?

#1 Goba Kilimani

Wakuu, habari za jioni.

Nyumba yangu ipo Goba, tumehamia mwaka jana. Kwenye bafu la chumba chetu niliweka kioo kisicho na fremu: kipande kimoja kimesimama moja kwa moja, kingine ni mlango. Unene milimita 10, mlango upana sentimita 75, urefu mita 2, umeshikwa na bawaba mbili zilizofungwa ukutani. Juzi saa nane usiku tumelala, ukasikika mlio mkubwa kutoka bafuni. Nawasha taa, mlango haupo. Sakafu nzima imejaa punje za kioo, na bawaba zimebaki ukutani kila moja imeuma kipande chake. Kile kipande kingine kizima hadi leo.

Hakukuwa na mtu bafuni. Dirisha lilikuwa limefungwa. Paka hatufugi.

Fundi aliyefunga anasema kioo kilikuwa kibovu. Aliyeniuzia kioo anasema ni ufungaji. Mke wangu hataki tena kusikia habari za kioo, anataka pazia la nailoni na mjadala uishe. Naomba kujua: kioo kinaweza kupasuka chenyewe? Na kama nitarudishia, nianzie wapi?

#2 Mama Wawili

Pole sana, kaka. Tumshukuru Mungu hakukuwa na mtoto ndani. Nafuatilia, maana na mimi nipo kwenye kuweka vigae.

#3 Fundi Vioo Tabata

Pole mkuu. Kazi yangu ni vioo na aluminiamu. Swali la kwanza: ndiyo, kioo cha tempa kinaweza kupasuka bila mtu kukigusa wakati ule. Nimesema "wakati ule" kwa makusudi.

Kioo hiki huanza kama kioo cha kawaida. Kinakatwa, kinatobolewa matundu, kingo zinasuguliwa, ndipo kinaingia kwenye tanuri la nyuzi 620 hivi za Selsiasi. Kikitoka kinapulizwa hewa ya baridi kwa nguvu pande zote mbili. Ngozi ya nje inaganda kwanza, ndani kunachelewa. Ndani kukija kupoa kunavuta, na nje kunabaki kumebanwa. Huo mbano ndio unaofanya kiwe imara mara nne hadi tano kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule. Ila ndani kunabaki na mvutano uliofungiwa maisha yake yote. Ufa ukiufikia, kioo chote kinaachia kwa mpigo. Ndiyo maana umezoa punje, hukuzoa visu.

Udhaifu wake upo kwenye kingo na kwenye matundu. Uso unavumilia mengi, lakini ukingo ukigonga kigae kinaweza kumalizika palepale, au kikaumia kidogo tu na kukaa miezi kikisubiri. Swali langu kwako: siku ya kufunga, walikisimamisha kwenye vigae vitupu au waliweka mbao na mpira chini?

#4 Mchora Ramani

Fundi #3 ameeleza vizuri, lakini naona anaelekea kumpa kesi mfungaji kabla ya kusikia ushahidi. Kuna sababu ya kiwandani inayojulikana dunia nzima: punje ya nikeli salfaidi. Ni uchafu mdogo sana unaobaki ndani ya kioo tangu kinapoyeyushwa, hauonekani kwa macho. Kioo kikipashwa moto, punje hiyo inabadili umbo na kusinyaa. Kikipozwa haraka haipati muda wa kurudi, inanasa ilivyo. Kisha kwa miezi au miaka inarudi polepole, na inaporudi inavimba. Ikiwa imekaa katikati ya kioo, kwenye ule mvutano, siku moja inakipasua. Saa nane usiku, saa sita mchana, haichagui.

Viwanda makini vina dawa yake. Baada ya tempa, vioo vinarudishwa kwenye tanuri la joto la chini kidogo, zaidi ya nyuzi 250, na kuachwa humo kwa saa kadhaa. Chenye punje mbaya kinapasukia kiwandani. Hatari haiishi kabisa, inapungua sana. Unaponunua uliza kama kimepita hatua hiyo, na uombe iandikwe kwenye risiti.

#5 Mtoto wa Mbagala

Saa nane usiku, hakuna mtu, mlio, mlango haupo. Mkuu Goba, majirani uliwapelekea pilau mlipohamia?

#6 Mama Wawili

Mbagala, mwenzako ana hasira na hasara, wewe unaleta pilau. Hebu tulia tusome.

#7 Nyali Kaskazini

Salaam kutoka Mombasa. Mimi naona mumesahau bawaba. Kwetu hapa jirani yangu alipata jambo kama hilo, na mlango wake ulivunjika kuanzia pale bawaba inapouma kioo. Chuma hakitakiwi kugusa kioo hata kidogo. Lazima kuwe na gasketi, yaani mpira mwembamba wa kukinga, pande zote mbili, na kwenye tundu kuwe na kijibomba cha plastiki ili skrubu isiguse. Gasketi ikikatwa fupi, au fundi akikaza skrubu kwa nguvu za kukaza tairi la gari, kioo kinakaa na dhiki kila siku. Mlango ukifunguliwa na kufungwa, dhiki inaongezeka. Mwenyewe umesema bawaba zilibaki zimeuma vipande. Vitoe hivyo vipande pole pole, tazama kama gasketi ipo nzima.

#8 Goba Kilimani

Asanteni wote. Nijibu kwa mpangilio.

Fundi #3: walikiegemeza ukutani juu ya maboksi yaliyokunjwa. Mbao hazikuwapo. Siwezi kuapa kwamba hakikugusa kigae, nilikuwa nje napokea simenti.

Mchora Ramani #4: risiti imeandika "kioo mm 10 tempa" basi. Kulikuwa na alama ndogo kwenye kona ya chini, iliyochongwa kwa weupe.

Nyali #7: nimefungua bawaba ya juu. Gasketi ipo upande wa nje, upande wa ndani imekunjika na nusu ya chuma ilikuwa wazi. Bawaba ya chini ipo sawa.

Jambo jingine: ukutani juu ya bawaba kuna ufa mwembamba kwenye lipu, unapita hadi dari. Fundi wa lipu aliniambia ni wa kawaida kwa nyumba mpya.

#9 Fundi Vioo Tabata

Gasketi imekunjika. Mimi nimemaliza.

#10 Mchora Ramani

Hujamaliza, ndugu yangu. Bawaba ilibana vibaya tangu siku ya kwanza na mlango umetumika miezi yote hiyo asubuhi na jioni. Kwa nini uvunjike usiku umetulia? Nikeli salfaidi ina alama yake: pale ilipoanzia kunakuwa na vipande viwili vikubwa kidogo vimepakana, kila kimoja kama mbawa ya kipepeo. Shida ni kwamba mlango ukimwagika chini, ushahidi unachanganyika. Ungekuwa na filamu ya plastiki iliyobandikwa, kioo kingebaki kimesimama kimepasuka na tungeona chanzo kwa macho.

#11 Lipu na Rangi

Mimi nauangalia huo ufa wa ukutani. Mlango haukuwa na shida, ukuta ndio umetembea. Nyumba ikikaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua zikija na kusinyaa jua likiwaka, kuta zinacheza hata kama ni kidogo. Vigae vinavumilia kwa sababu grauti, ile ya kuziba kati ya kigae na kigae, inapasuka. Kioo hakina pa kukimbilia. Mkuu, ule mlango uliacha nafasi gani kati yake na kile kioo kingine? Na chini?

#12 Goba Kilimani

Nafasi ilikuwa ndogo, ncha ya kadi ya benki ilipita kwa shida. Upande wa chini kulikuwa na mpira.

#13 Lipu na Rangi

Basi hapo umejijibu. Ukuta ukiegemea kidogo tu, kioo kinagusana na kioo ukingo kwa ukingo.

#14 Shemeji wa Ukonga

Mbona hakuna aliyetaja maji ya moto? Kama mna ile shawa ya umeme, kioo kinapata moto huku nje ni baridi ya kiyoyozi. Glasi ya chai inapasuka kwa sababu hiyohiyo.

#15 Mchora Ramani

Glasi ya chai ni kioo cha kawaida. Kioo cha tempa kinastahimili tofauti ya joto ya nyuzi 200 na zaidi kati ya sehemu na sehemu. Maji ya kuoga hayafiki hata nyuzi 45, ungekuwa umeungua wewe kwanza. Tena saa nane usiku hakuna aliyeoga.

#16 Shemeji wa Ukonga

Sawa, nimekuelewa kwenye maji. Bado nasema watu wengi wanauziwa kioo cha kawaida wakidhani ni tempa. Alama ya kona hata mtu mwenye mashine ya kupuliza mchanga anaweza kuichonga.

#17 Fundi Vioo Tabata

Kuchongwa kweli inawezekana. Lakini hiki cha Goba kimevunjika punje punje, kwa hiyo tempa kilikuwa. Kioo cha kawaida kingeacha mapande marefu yenye makali.

Kwa anayenunua, kuna njia ya kukagua bila kuvunja kitu. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, ile inayokata mng'ao, kitazame kioo kwa ulalo mchana, mwanga wa anga ukiwa nyuma yake. Cha tempa kitakuonyesha madoa au mistari ya giza iliyojipanga, ni alama za ile hewa ya kupozea. Cha kawaida hakionyeshi kitu. Msikubali fundi anayesema "ngoja nikipunguze kidogo hapa hapa kwa grinda". Kilichokwisha kupita tanuri hakikatwi wala hakitobolewi. Akikikata kikakatika vizuri, ujue umeuziwa kioo cha dirisha.

#18 Mama Wawili

Hii ya miwani nimeikopi. Sasa naomba mnisaidie na sisi ambao bado. Vigae naweka wiki ijayo. Fundi wa kioo nimwite sasa apime au nisubiri?

#19 Fundi Vioo Tabata

Mwite sasa aje kuona, apime baadaye. Ni ziara mbili na kila moja ina kazi yake.

Ya sasa ni ya kupanga ukuta. Mlango wa sentimita 75 kwa mita 2 ni mita za mraba moja na nusu. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mlango una kilo 37 na nusu, zote zinaning'inia kwenye skrubu chache ukutani. Kama hapo ni tofali lenye uwazi ndani, lijazwe zege kwenye mstari wa bawaba kabla ya vigae. Kama ni ukuta wa bodi, wekeni mbao ngumu au bomba la chuma la mraba ndani yake. Baada ya vigae hakuna tena cha kufanya isipokuwa kubomoa. Sakafu ipewe mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mtaro wa maji. Kizingiti nacho kiinamie ndani kidogo, la sivyo maji yatakaa juu yake na kutokea nje. Dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili sakafuni na ukutani, ikauke, ndipo vigae.

Ya pili ni ya vipimo, na inakuja vigae vikishakauka na grauti imeingia. Upana unapimwa chini, katikati na juu, kwa sababu hakuna ukuta ulionyooka. Timazi inashushwa pande zote mbili. Ukuta ukiwa umeinama milimita 6 juu hadi chini, kioo kinakatwa kwa kuufuata ule mwinamo kiwandani. Fundi anayepima ukuta wa lipu ili "kuokoa muda" atakuletea kioo kisichoingia, na hakipunguziki.

Nafasi: upande wa bawaba milimita 5 hivi, kati ya mlango na kioo kingine zisipungue 3, chini 10 zenye mpira. Lipu na Rangi #11 kwenye hili namuunga mkono, ingawa bado nasema ni gasketi.

#20 Mjini Shangani

Assalamu alaykum. Nyinyi munazungumza tofali na zege. Mimi nipo Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Fundi katoboa, katia fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani), kakaza, skrubu ikazunguka tu. Katoboa pengine, unga mtupu. Nifanye nini?

#21 Lipu na Rangi

Wa alaykum salaam. Hapo fisha ya kawaida haina kazi, shehe. Chokaa ya zamani ni laini, fisha inataka kitu kigumu cha kusukuma. Kuna njia mbili. Moja ni gundi ya kemikali inayosindikwa ndani ya tundu lenye soksi ya wavu, halafu unatia fimbo ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu na kuacha gundi ikauke. Inashika kwenye mawe yaliyopangwa ovyo kwa sababu inajaza mapengo.

#22 Nyali Kaskazini

Ya pili naimalizia mimi, maana nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa ni zilezile. Wacha ukuta kabisa. Simamisha nguzo nyembamba ya chuma cha pua kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, bawaba zifungwe kwenye nguzo. Au tumia bawaba za kuzungukia chini na juu, uzito wote ushuke sakafuni, ukuta ubaki wa kuzuia maji tu. Na chokaa usiizibe kwa simenti ngumu kila pahali, ukuta ule wataka kupumua, ukiuziba unyevu utatokea chumba cha pili.

#23 Mjini Shangani

Nguzo nimeipenda. Ahsanteni sana.

#24 Kijana wa Kariakoo

Vyuma mnavinunua kwa macho tu. Nendeni madukani, mtaa wa Gerezani, na sumaku. Sumaku ikishika, weka chini. Isiposhika, hicho ni chuma cha pua halisi.

#25 Pwani Mchanga

Hapana kaka, sumaku itakudanganya. Haishiki kwenye shaba ya njano, na haishiki kwenye zinki iliyopakwa kromu, ambayo ndiyo bawaba ya bei chee iliyojaa sokoni. Inakuambia kisicho chuma cha kawaida, basi. Zinki inajionyesha mwaka wa pili: malengelenge chini ya kromu, unga mweupe, halafu kichwa cha skrubu kinakatika.

Hata chuma cha pua kina daraja. 304 inatosha Morogoro au Iringa. Ukikaa Kigamboni au Bagamoyo, chumvi ya hewa inaitoboa vidoti vya kutu. Hapo tafuta 316, ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 na ndiyo inayostahimili chumvi. Au shaba nzito yenye kromu nene.

#26 Ngarenaro

Chumvi mna nafuu. Huku Arusha maji yana floraidi, na floraidi inakula kioo. Baada ya mwaka kioo changu kimekuwa na ukungu usiotoka. Ni floraidi, hakuna kingine.

#27 Mchora Ramani

Floraidi ya Arusha ni kweli na ni jambo zito, inaharibu meno na mifupa ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kuzunguka Meru vinapita hapo. Lakini kinachokula kioo ni asidi ya floraidi yenye nguvu, ya maabara na viwandani. Miligramu chache ndani ya lita ya maji haziwezi. Ukungu wako ni madini mengine yanayobaki tone likikauka, pamoja na mafuta ya sabuni ya mche.

#28 Ngarenaro

Nimetumia siki, nimetumia limau, haujatoka. Ungekuwa madini ungetoka. Labda mniambie vinginevyo.

#29 Dada wa Maskati

Kuna madini yanayotoka kwa siki na kuna yanayokataa, hasa yakikaa miezi bila kufutwa. Huku Oman maji ya bomba mengi ni ya bahari yaliyosafishwa, hayaachi madoa kama ya kisima cha nyumbani Tanga, na bado tunafuta kioo kila baada ya kuoga. Mpira wa kufutia maji unaning'inia humohumo bafuni, wa mwisho kuoga ndiye anayefuta. Nakuomba usitumie sponji ya waya, utakikwaruza.

#30 Kijana wa Kariakoo

Mna muda huko Maskati.

#31 Dada wa Maskati

Ni dakika moja tu, mdogo wangu. Ukioa utaelewa.

#32 Mzee wa Ubungo

Naomba niulize la msingi. Nyumba nyingi hapa Dar maji yanakatika, tunaoga kwa ndoo na kopo. Kioo cha nini? Ukimwaga kopo la maji, yanaruka kila upande na kioo au bila kioo.

#33 Lipu na Rangi

Mzee wangu, swali lako lina maana kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu linahusu nguvu ya maji. Tangi lililo mita 3 juu ya shawa linatoa mgandamizo wa baa 0.3 tu. Maji yanadondoka, hayarushwi. Kwa nguvu hiyo hauhitaji mlango hata kidogo: kioo kimoja kilichosimama, upana sentimita 90 hadi mita moja, shawa imeelekezwa ukutani, inatosha. Ukifunga pampu ya kuongeza nguvu ndipo maji yanapita juu ya kizingiti na kuvizia upenyo wa bawaba. Watu wanaiga bafu la hoteli lenye pampu kubwa wakati nyumbani wana tangi la lita 1,000 juu ya mnara mfupi.

#34 Mzee wa Ubungo

Hapo nimekuelewa. Kwa hiyo kioo kimoja, bila bawaba.

#35 Fundi Vioo Tabata

Na kisichofunguka hakichoki, Mzee. Kinakaa kwenye chaneli ya aluminiamu ukutani na sakafuni, juu kinashikwa na fimbo inayokwenda ukutani. Hiyo fimbo msiiache kwa sababu ya urembo. Kioo kirefu kikishikwa upande mmoja tu kinayumba mtu akiegemea.

Halafu silikoni. Inayonuka siki ina asidi, inakula chuma cha bei nafuu na inaacha doa kwenye mawe ya asili kama mabo. Nunueni isiyo na asidi. Upande wa ndani wa bafu msizibe chaneli yote, maji yakiingia yapate pa kutokea. Na baada ya kuziba, saa 24 bila maji, hata kama shemeji amesafiri kutoka Mwanza.

#36 Mtoto wa Mbagala

Nimesoma hapo juu kwamba kuna kiwanda cha vioo Mkuranga. Si tununue huko moja kwa moja?

#37 Mama Wawili

Hakuna aliyeandika Mkuranga hapo juu.

#38 Mtoto wa Mbagala

Basi ninaandika mimi. Sapphire, Mkuranga, mkoa wa Pwani, kilizinduliwa 2023.

#39 Mchora Ramani

Kipo, na ni jambo jema kwa nchi. Ila kinatengeneza kioo bapa, kinachoelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, njia iliyotangazwa na Pilkington wa Uingereza mwaka 1959. Kile ni kioo ghafi kwa upande wetu. Lazima kifike kwa mwenye tanuri la tempa, kikatwe na kutobolewa kwa vipimo vya bafu lako, ndipo kichomwe. Muulize muuzaji wako tanuri lipo wapi. Kama anaagiza nje, ujue ukikosea kipimo utasubiri.

#40 Goba Kilimani

Nimerudi. Nimekaa na mke wangu tukausoma uzi wote. Hoja yake ya kwanza ni mama yangu, ambaye anakuja kukaa nasi na miguu yake haina nguvu. Akiteleza akashika mlango wa kioo? Hoja ya pili ni kwamba kioo angavu kinamwonyesha mtu mzima. Na mimi nina ya tatu: kile kipande kilichobaki kilitoka kwenye kundi lilelile. Nikitoe?

#41 Nyali Kaskazini

Mama kwanza. Mpe fimbo ya kushikilia iliyofungwa ukutani kwenye zege, kamwe isifungwe kwenye kioo. Kizingiti kwake ni hatari, sakafu iwe sawa na mteremko ufanye kazi. Kiti cha plastiki kizito ndani.

#42 Mama Wawili

Faragha: kuna kioo kilichokwaruzwa kwa mchanga au asidi, kina weupe, kinaonyesha kivuli tu. Upande wenye mkwaruzo uangalie nje, maana ukilowa unakuwa angavu na unashika mafuta ya vidole.

#43 Mchora Ramani

Kile kilichobaki, kama sababu ni nikeli salfaidi, hatari yake ni ileile. Bandika filamu ya usalama uso mzima leo, kikipasuka kibaki kimeshikana. Ukiagiza kipya, uliza kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati. Ni ghali zaidi na kizito, lakini kikivunjika hakimwagiki miguuni mwa mama.

#44 Fundi Vioo Tabata

Filamu naafiki. Kukitoa siafiki. Kimekaa kwenye chaneli, hakina bawaba, hakina gasketi iliyokunjika. Ndiyo maana kimepona.

#45 Lipu na Rangi

Au kimepona kwa sababu kipo ukuta wa pili, usio na ufa. Mkuu, weka plasta ya Paris kidogo juu ya ule ufa, andika tarehe kwa penseli, tazama baada ya masika. Ikipasuka, ukuta unatembea. Usifunge bawaba yoyote hapo kabla ya kujua.

#46 Goba Kilimani

Nitafanya yote mawili, filamu na plasta. Mlango nauahirisha kwa sasa.

#47 Mgeni wa Kimara

Samahani kuingilia. Bafu langu ni dogo, mita moja na nusu kwa mbili, sinki lipo karibu. Mlango ufungukie ndani au nje?

#48 Fundi Vioo Tabata

Nje. Mtu akianguka ndani akalala nyuma ya mlango unaofungukia ndani, hamtamfikia. Pima kwanza mlango unapopita usigonge sinki, uache sentimita kadhaa. Ukigonga, punguza mlango uwe wa 60 na uongeze kioo kilichosimama. Usiku nitakuchorea, nitumie vipimo vya sakafu na mahali sinki lilipo.